Nani anaruhusiwa kuunganisha redio koli na simu?

Na Mwandishi Wetu

MSATA ni njia panda. Barabara ya lami ya kilomita 64 itokayo Bagamoyo kupitia Makofia na Kiwangwa huishia hapo, ikakutana na barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, Tanga na mikoa ya Kaskazini. Mabasi yanayokwepa foleni ya Kibaha hupita hapo, malori hupumzika hapo, na wauza mananasi ya Kiwangwa hawakosi hapo.

Anayeketi katika njia panda hiyo kwa muda wa saa moja ataona jambo ambalo mtu wa mjini hulipita bila kulitazama. Mlinzi wa ghala ana simu ya mkononi mfukoni na redio koli kiunoni. Msimamizi wa mafundi wa barabara anavyo vyote viwili. Askari wa wanyamapori anayetoka upande wa Saadani, naye vilevile. Kila mmoja hutumia kifaa kimoja kuzungumza na wenzake wa karibu, na kingine kuzungumza na dunia nzima. Vifaa hivyo viwili, ingawa vyote husafirisha sauti kwa mawimbi ya hewani, havijuani.

Tuchukue mfano wa mwenye shamba aishiye Dar es Salaam, ambaye shamba lake liko bondeni, mahali ambapo mnara wa simu haufiki. Amewanunulia walinzi wake redio koli, na redio hizo zinafika hadi nyumba ya msimamizi iliyo juu ya kilima, ambako simu inapatikana. Je, hawezi kuweka kisanduku hapo kilimani, ili mlinzi aliye bondeni abonyeze kitufe na sauti yake itokee katika simu ya tajiri wake mjini?

Kiufundi anaweza. Visanduku vya kazi hiyo vipo, vingine vya bei ndogo kuliko simu ya kisasa. Hata hivyo, akikiwasha pasipo idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), atakuwa amejiingiza katika kosa, na pengine makosa matatu kwa mpigo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini, na kuonyesha mahali ambapo katazo hilo, ambalo kwa sehemu kubwa lina hoja, limemwacha mwananchi wa vijijini bila mlango wa kutokea wakati wa dharura.

Kitufe na sikio la tatu

Tofauti ya kwanza baina ya simu ya upepo na simu ya kawaida iko kwenye kitufe. Katika redio koli mmoja husema huku wengine wote wakisikiliza. Akiachia kitufe, mwingine hupata zamu. Katika simu watu wawili huweza kusema kwa wakati mmoja, hata kugombana kwa wakati mmoja. Kisanduku kinachoziunganisha hulazimika kuamua nani apewe zamu, na mara nyingi huamua kwa kufuata sauti: panapotokea sauti upande wa simu, redio hurusha. Ndiyo maana mluzi wa mstari, honi ya lori au wimbo wa kumsubirisha mpigaji huweza kuishikilia redio ikarusha mfululizo, na watumiaji wengine wa masafa hayo wakafungiwa mlango.

Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Mazungumzo ya redio koli za kawaida, zile zisizofichwa kwa mitambo ya kidijitali, husikika na yeyote mwenye redio iliyowekwa kwenye masafa hayo. Wenye redio wanalijua hilo na hujichunga. Lakini yule aliyeko mwisho wa simu, mke wa mlinzi au mteja wa mananasi, hajui kuwa maneno yake yanamwagwa hewani na kusikilizwa na kijiji kizima. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara za 16 na 18, inayalinda mawasiliano ya mtu yasiingiliwe. Kisanduku cha kilimani kinaivunja ahadi hiyo bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Nimeanza na hoja hizi mbili kwa makusudi, kwa sababu mjadala wa mambo ya masafa nchini mwetu huelekea kudhani kwamba kila katazo la serikali ni la kutafuta mapato au la kuwachunguza watu. Mapato yapo, nayo tutayafikia. Lakini lau serikali isingetaka hata senti moja, bado mtu mwenye busara angesita kuunganisha masafa ya wote na simu ya mtu mmoja.

Mwambao uliozoea nyaya

Mkoa wa Pwani si mgeni katika habari za mawasiliano. Mwaka 1890 waya wa simu za maandishi uliolazwa chini ya bahari kutoka Zanzibar ulifika Bagamoyo na Dar es Salaam, na kuwaunganisha watawala wa Kijerumani na mtandao wa dunia uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza. Tangu siku hizo kanuni ilikuwa moja: mwenye waya ndiye mwenye kauli. Aliyetaka kupeleka habari alikwenda kwa mwenye waya, akalipa, akaondoka.

Kanuni hiyo iliendelea chini ya Waingereza na baadaye chini ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Ajabu ni kwamba zama hizo za ukiritimba ndizo zilizokuwa na huduma halali ya kuunganisha redio na simu. Katika Afrika Mashariki, hususan Kenya, kambi za utalii na mashamba ya mbali yalipewa namba ya redio koli. Mtu wa mjini alipiga simu kwa opereta, akataja namba, na opereta akaiita kambi hewani kisha akawaunganisha. Vitabu vya kuongozea watalii viliendelea kuchapisha namba hizo kwa miaka mingi, pembeni ya namba za kawaida.

Redio ziliunganishwa na simu, basi, lakini aliyeziunganisha alikuwa mmoja, alijulikana, aliandika muda wa mazungumzo na kutoza ada. Na kwa kuwa opereta alikuwa binadamu mwenye masikio, alikata mstari mara mazungumzo yalipokwisha; kisanduku cha kilimani hakina adabu hiyo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilianzisha Shirika lake la Posta na Simu. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 ilitenganisha posta na simu, ikaunda Tume ya Mawasiliano, na mwaka uliofuata simu za mkononi zikaanza. TCRA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kwa kuunganisha Tume hiyo na Tume ya Utangazaji. Mwezi Februari 2005 haki ya peke yake ya TTCL katika simu za mezani ilikoma, na mfumo mpya wa leseni ukaingia. Opereta wa zamani aliondoka katika mageuzi hayo, na kazi yake haikukabidhiwa kwa mtu.

Kufuli tatu

Sheria inayotawala sasa ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, maarufu kwa kifupi cha EPOCA. Mwenye shamba wetu wa mfano atakutana nayo mara tatu.

Kwanza ni masafa. Masafa ni mali ya umma, na anayeyatumia hupewa kibali kwa matumizi yaliyotajwa. Kibali cha redio za binafsi, kwa asili yake, ni cha shughuli za ndani za mwenye nacho: walinzi na msimamizi wao, dereva na karakana, askari na kituo chao. Kumwingiza mtu wa nje kupitia simu ni kuyatumia masafa kwa shughuli ambayo hukuiomba.

Pili ni kifaa chenyewe. Vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa na kuuzwa nchini vinatakiwa kuthibitishwa ubora. Redio ndogo za bei nafuu kutoka China, zikiwamo zile za Baofeng zilizozagaa duniani kote, zina uwezo wa kupangwa na mtumiaji zirushe karibu popote katika mikanda miwili mipana, ikiwa ni pamoja na masafa yaliyotengwa kwa polisi, meli au huduma nyingine. Mnunuzi hufurahia uwezo huo, ilhali msimamizi wa masafa huuhofia.

Tatu ni mtandao, na hapa ndipo penye uzito. Tangu mwaka 2005 leseni za Tanzania zimegawanywa katika mafungu manne: miundombinu ya mtandao, huduma za mtandao, huduma za matumizi na huduma za maudhui. Kuunganisha mtandao mmoja na mwingine ni haki, na pia ni wajibu, baina ya wenye leseni. Kampuni mbili za simu zinatakiwa kuunganishwa ili mteja wa moja ampigie wa nyingine, na zinalipana kwa dakika. Mwenye kisanduku kilimani hana leseni, hamlipi mtu, na hana mkataba wa muunganiko na yeyote. Mbele ya sheria anaonekana kama kampuni ya simu iliyojificha.

Msomaji anaweza kuona kwamba hiyo ni kumwonea mkulima. Lakini wasimamizi wa mawasiliano wana kumbukumbu ya kuwatisha. Kwa miaka kadhaa mahakama, hususan ya Kisutu jijini Dar es Salaam, zimesikiliza kesi za watu walioshitakiwa kwa kutumia mitambo yenye laini nyingi za simu kupokea simu za kimataifa kupitia intaneti na kuziingiza nchini zikionekana kama za ndani, hivyo kuzikosesha kampuni na serikali malipo ya simu za nje. Mwaka 2013 serikali ilianza kufunga mtambo wa kuhakiki trafiki ya mawasiliano, unaojulikana kwa kifupi cha TTMS, na sababu mojawapo ilikuwa udanganyifu wa namna hiyo. Kwa jicho la mkaguzi, mtambo wa mhalifu na kisanduku cha mkulima vinafanana: vyote huingiza katika mtandao wa simu sauti iliyotoka mahali pasipojulikana.

Jina la mpigaji

Katika miaka ya karibuni imeongezeka sababu nyingine ambayo waandishi wa kanuni za zamani hawakuifikiria sana, nayo ni utambulisho. Usajili wa laini za simu ulianza mwaka 2009. Vifaa bandia vilizimwa usiku wa Juni 16, 2016. Mei 2019 ulianza usajili kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa upya zikaanza kufungwa. Leo hii kila namba ya simu nchini inatakiwa kuwa na mtu mwenye kidole kinachojulikana.

Redio koli haina kidole. Anayebonyeza kitufe anaweza kuwa mlinzi, mtoto wa mlinzi au mwizi aliyeiokota. Ikiunganishwa na simu, kila atakachosema kitatoka kwa jina la mwenye laini iliyoko kilimani. Akimtisha mtu au akitapeli, polisi watambisha hodi kwa mwenye laini. Kama kuna somo ambalo mmiliki wa redio anapaswa kulitafakari kabla ya kununua kisanduku, ni hilo, na si faini ya TCRA.

Mmarekani wa Texas

Wapo watakaosema kwamba nchi zilizoendelea zimekwisha kuachana na mambo haya. Si kweli, na kisa chenyewe kinafaa kusimuliwa.

Thomas Carter, mfanyabiashara wa Dallas katika jimbo la Texas, alitengeneza kifaa alichokiita Carterfone. Wafanyakazi wa visima vya mafuta walikuwa mbali na simu lakini wana redio. Opereta wa kituo chao aliweka mkono wa simu juu ya kitanda kidogo cha plastiki, chenye kipaza sauti na kisikizi ndani yake, na sauti ya simu ikaingia redioni bila waya hata mmoja kugusana. Kati ya mwaka 1959 na 1966 viliuzwa takriban vifaa 3,500. Kampuni ya AT&T, iliyokuwa ikimiliki sehemu kubwa ya simu za nchi hiyo, iliwatishia wateja waliovitumia kwamba itawakatia huduma, kwa hoja kwamba chombo cha mtu wa nje kitaharibu mtandao. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kwamba katazo hilo halikuwa la haki maadamu kifaa hakidhuru mtandao. Uamuzi huo ndio uliofungua njia kwa mashine za faksi, modemu na simu za kununua dukani.

Wengi huishia hapo, wakasema Carter alishinda na hadithi imekwisha. Lakini tume hiyohiyo, katika kanuni zake za redio za watu binafsi zilizoandikwa upya mwaka 2017, inakataza kuunganisha vituo vya redio hizo na mtandao wa simu za umma, isipokuwa pale ambapo kanuni za huduma husika zimeruhusu. Kwa zile redio za familia na za jumla ambazo Wamarekani huzitumia katika matembezi na mashambani, simu haziruhusiwi kupita. Kituo cha kurusha tena mawimbi kinaweza kuunganishwa na mtandao kwa ajili ya kukiendesha kutoka mbali tu, si kwa maongezi.

Je, wamejipinga? Hapana. Carter aliwahudumia watu waliokuwa na leseni ya biashara na opereta aliyekaa kwenye kiti. Redio za binafsi hutumia masafa machache ambayo kila mtu anayo haki nayo, na mmoja akiyageuza kuwa simu yake ya bei rahisi, majirani wote hunyamazishwa. Nchi za Ulaya, ambazo zina redio ndogo za masafa ya megahezi 446 zisizohitaji leseni, nazo zilizifunga kwa nguvu ya nusu wati na kuzikataza vituo vya kurudia mawimbi. Yaani zibaki redio za kuitana, basi.

Redio yenye laini ndani

Wakati wanasheria wakibishana kuhusu visanduku, soko limepita kando. Maduka ya vifaa vya mawasiliano mjini Dar es Salaam sasa yanauza redio ambayo kwa umbo ni redio koli kamili, ina antena fupi na kitufe ubavuni, lakini ndani ina laini ya simu. Ukibonyeza, sauti husafiri kama data kupitia mnara wa kampuni ya simu hadi kwenye kompyuta kuu, ambayo huisambaza kwa wenzako wote popote walipo. Mlinzi aliyeko Msata anaweza kumwita mwenzake aliyeko Mtwara kana kwamba wako uwanja mmoja.

Kisheria hiyo si redio ya binafsi hata kidogo, ni simu iliyovaa mavazi ya redio. Masafa ni ya kampuni ya simu, ambayo imeyalipia. Laini inatakiwa kusajiliwa kama nyingine yoyote. Mtandao ni wa mwenye leseni. Ukuta ambao kisanduku cha mkulima kilitaka kuubomoa umerukwa na kifaa hiki kwa njia halali.

Kwa kampuni za ulinzi, za mabasi na za malori, mabadiliko haya ni ya heri. Yanabaki maswali mawili ambayo mnunuzi mara nyingi hayaulizi dukani. La kwanza ni kompyuta hiyo kuu iko wapi na ni ya nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu yeyote anayekusanya na kusafirisha taarifa za watu, na mienendo ya walinzi usiku kucha ni taarifa nyeti. Baadhi ya wauzaji hawajui hata nchi ambamo sauti za wateja wao zinahifadhiwa.

La pili ndilo linaloniudhi. Redio hizi huuzwa kwa maneno ya kusifia umbali usio na kikomo, na mnunuzi wa shambani huelewa kwamba zitafika pale simu isipofika. Hazifiki. Mnara usipokuwapo, redio yenye laini ni kipande cha plastiki, ilhali redio koli ya kizamani, ile inayobezwa, bado itamfikia mwenzake upande wa pili wa bonde. Mwenye shamba wetu akiuza redio zake za zamani na kununua hizi mpya, mlinzi wake wa bondeni atakuwa amepoteza hata kile kidogo alichokuwa nacho. Na zile zinazouzwa zikiwa na pande zote mbili kwa pamoja, upande wa redio ya kawaida na upande wa laini, zinamrudisha mnunuzi kwenye swali la kisanduku: kuupitisha mwito kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni kuunganisha mitandao, hata kama swichi yake ni ndogo kama ukucha.

Usiku wa mama mjamzito

Sasa tufike kwenye jambo linalofanya kanuni hizi kuwa habari ya watu.

Tangu Aprili 2022 serikali imetangaza kusambaza nchi nzima mfumo wa m-mama, ambao mama mjamzito mwenye dharura, au mhudumu wa afya, hupiga namba 115 bila malipo na kutafutiwa gari, likiwamo la dereva wa kijijini aliyekubali kazi hiyo. Polisi wana 112, zimamoto 114. Namba zote hizi zina sharti moja lisiloandikwa: uwe mahali penye mtandao.

Mei 2023 mikataba ilitiwa saini jijini Dodoma ya kujenga minara 758 katika kata 713, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ni hatua kubwa. Lakini mnara hupewa kata, na kata za upande huu wa Pwani, kuanzia mashamba ya Kiwangwa hadi misitu inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, si uwanja wa mpira. Zina mabonde, zina vichaka, zina Mto Wami, zina vitongoji ambavyo mtu hupanda juu ya kichuguu ili apate alama moja ya mtandao. Na mvua kubwa inapokata umeme wa mnara, hata penye alama tano huwa sifuri.

Katika mazingira kama hayo, chombo kinachofanya kazi mara nyingi ni redio ya taasisi: ya hifadhi, ya shamba kubwa, ya mradi wa ujenzi, ya kambi ya wawindaji. Mlinzi husikia habari, huiita kambini, na aliye kambini, ambako simu inapatikana, hupiga 115 na kueleza. Hilo halikatazwi na mantiki ya muunganiko, kwa sababu mitandao haikuunganishwa. Binadamu amesikia kwa sikio moja na kusema kwa mdomo. Mashariki mwa Kongo, ambako kwa miongo mingi watu wamefunga safari kwenda kwenye vibanda vya redio vinavyoitwa kwa Kifaransa phonie ili kuwasiliana na ndugu walio mbali, mtu wa kati kama huyo amekuwa ndiye mtandao wenyewe.

Udhaifu wa njia hiyo ni usingizi. Mtu wa kambini akilala, au akiwa ametoka kwenda Msata kununua sukari, habari hukwama. Pia mtu asiye muuguzi hupeleka maneno yaliyopungua: mhudumu wa 115 anauliza damu imetoka kwa muda gani, mpeleka habari hajui, anarudi redioni kuuliza, dakika zinapita. Hapo ndipo kisanduku cha kuunganisha kingeokoa muda, na hapo ndipo kanuni inapoonekana kutazama upande mmoja tu.

Sheria za kimataifa zimekwisha kuonyesha kwamba hitilafu hii ina dawa. Kanuni za Redio za Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa, katika Ibara ya 25, zinawakataza wenye redio za ridhaa kupeleka habari za watu wengine kutoka nchi moja hadi nyingine, lakini zinaruhusu hilo katika dharura na maafa. Baharini nako, masafa ya VHF yamekuwa na chaneli zilizotengwa kwa ajili ya kuunganisha meli na simu za nchi kavu kupitia kituo cha pwani, na chaneli ya 16 husikilizwa na kila chombo kwa ajili ya miito ya hatari. Mvuvi wa Bagamoyo mwenye redio ya baharini anayo njia iliyoandikwa. Mkulima wa Miono hana.

Kinachotakiwa hapa si kuwafungulia watu wote visanduku. Kingetosha kibali cha aina moja, chenye masharti machache na ada ndogo: kiwe cha taasisi yenye masafa halali tayari, kisanduku kiwe kimethibitishwa, kiruhusu namba za dharura peke yake, yaani 112, 114 na 115, kijikate chenyewe baada ya dakika chache, laini isajiliwe kwa jina la taasisi, na kila mwito uandikwe katika daftari ambalo mkaguzi wa TCRA ataliona akipita. Masharti hayo yanajibu karibu hofu zote tulizozitaja. Hakuna biashara ya simu za nje itakayopenya kupitia namba 115, na hakuna jirani atakayefungiwa masafa usiku kucha na mwito wa dakika tatu.

Faragha ndiyo itakayobaki na mushkeli. Mama atazungumziwa hewani, na kijiji kitasikia. Jambo hilo si dogo, hasa katika vitongoji ambako mimba ya binti wa shule ni siri ya familia. Redio za kidijitali zenye kufichwa zinaweza kulipunguza, lakini bei yake ni mara kadhaa ya zile za kawaida, na taasisi nyingi za vijijini hazitazinunua. Pengine itabidi ikubalike kwamba mhudumu wa 115 aelekezwe kutouliza jina wakati mwito unatoka redioni, bali aulize mahali na hali ya mgonjwa tu.

Kanuni zilizo chini ya EPOCA zilitungwa mwaka 2011, na nyingi zikaandikwa upya mwaka 2018. Hazikushuka kutoka mbinguni. Kifungu kimoja cha dharura katika kanuni za masafa hakihitaji kusubiri Bunge, kinahitaji waziri mwenye dhamana na saini yake. Kinahitaji pia halmashauri kama ya Chalinze kukaa na wenye redio waliomo ndani ya mipaka yake na kuandika nani anasikiliza masafa gani, saa ngapi, na funguo za gari ziko kwa nani.